Nilimpima Baba kwa Damu ya Mama

Nimekosa, na kosa langu nusura limzike baba yangu. Naandika kwa sababu kusema siwezi. Darasani mwalimu akiniita jina, hata "naam" inakwama kooni. Siku moja tu nilifungua mdomo kwa kujiamini, na jamani, bora ningeuma ulimi!

Tunakaa Nkuhungu, hapa Dodoma. Baba anauza mitumba sokoni. Ni mwembamba kama mpini wa jembe, na sigara haimtoki mdomoni. Mama ni mnene, mlango wa jikoni anaupita kwa ubavu, na sisi watoto tulimcheka sana, Mungu atusamehe.

Basi mama akaenda kucheki presha. Daktari akamwambia aje na mumewe, wapimwe wote mafuta ya kwenye damu, asubuhi, bila kula kitu tangu usiku. "Mnakula sufuria moja," akamwambia, "njooni wote."

Baba akaja juu! "Miaka ile tunapanga foleni kutwa nzima tunarudi na kikopo cha mafuta, hakuna daktari aliyetuuliza hali. Leo mafuta yamejaa madukani, ruksa, ndiyo mnaniambia yataniua? Yako wapi hayo mafuta kwenye mwili huu?"

"Sema unaogopa sindano, Baba Hamisi," mama akamjibu. "Ramadhani nzima unafunga, usiku mmoja ukushinde?"

Na kweli aliogopa sindano. Asubuhi ya kipimo, mama akiwa anaoga, baba akanifuata jikoni amepauka. "Mwanangu, nipe chapati. Wakisikia nimekula hawanichomi."

Zilikuwa za samli, na maini ya jana yake. Nikampelekea nyuma ya banda la kuku. Akala amechuchumaa kama mwizi, kuku wanamtazama, mimi nimeshika zamu. Nilicheka mpaka machozi. Mjinga mimi!

Niliwasindikiza. Dada wa maabara akamuuliza baba kama amekula. "Kidogo tu, nilisahau," akasema, masharubu yanang'aa samli. Akaambiwa arudi siku nyingine. Mama akatolewa damu peke yake.

Majibu yakatoka. Mama, yule yule tuliyekuwa tunamcheka, hana neno! Mafuta yake yako sawa.

"Sasa zamu yako," akamwambia baba tukiwa tunakula. "Na safari hii nakulinda mwenyewe. Hivi nani alikupa chakula siku ile?"

Weee! Baba ananitazama, mimi natazama ugali. Ndipo mwenzenu, kidato cha tatu, nikapata sauti: "Mama, hakuna haja. Kwenye Biolojia tumesoma. Mnakula sufuria moja, mafuta ni yale yale. Wewe mnene uko salama, baba atakuwa na nini?"

Biolojia ipi? Darasani tulikuwa bado tunapasua panzi!

Lakini nyumbani hawakuwahi kunisikia nikisema maneno mengi kiasi hicho. Mama akaamini kwa mshangao tu. Baba akapiga makofi: "Daktari wangu huyo!" Tangu siku hiyo majibu ya mama yakawa ya wote wawili. Sokoni baba akawa anajisifu mbele ya bakuli la supu ya utumbo, "Tulipimwa mimi na mke wangu, tuko fiti."

Siku moja akaanguka pale pale sokoni, akifungua robota la makoti. Kifua kimembana, jasho linamtiririka, na bado anasema ni gesi, wamletee soda. Soda! Watu wakambeba hospitali.

Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba. Daktari akauliza habari za ukoo. Mama akamwambia babu, baba yake baba, alianguka ghafla dukani kwake akiwa bado kijana. Sisi tulikuwa tunaambiwa alirogwa.

"Sufuria ni moja," daktari akasema, "lakini koo ni mbili, na sigara anavuta mmoja. Nani aliwaambia damu ya mtu mmoja inatosha?"

Mama akanigeukia. Sikuwa na Biolojia tena. Nikasema yote, chapati, maini, banda la kuku, huku kamasi zinanitoka.

Baba yuko hai, alhamdulillahi, ila robota habebi tena, na akienda sokoni anapumzika kila kona. Kaka Hamisi ameacha chuo cha ufundi asimamie meza ya mitumba. Hajanilaumu hata neno, na hilo ndilo linaloniliza. Mama yeye, nikifungua mdomo tu: "Nyamazeni, daktari anaongea."

Jamani mlio mke na mume, nendeni wote, kila mtu atoe damu yake! Msiangalie nani mnene. Na mwenye mtoto wa sekondari anayejua kila kitu, ampe vyombo akaoshe.

Jana baba alikuwa anarudia kipimo. Alfajiri akanijia kwenye dirisha la jikoni, ananong'ona: "Mwanangu, nusu tu. Kuku hawatasema."

Nilikuwa nimeikumbatia hotpoti ya chapati. Sikumjibu. Kunyamaza ndicho kitu pekee ninachokiweza vizuri. Nikafunga dirisha.