Nyuzi za Miguu ya Mpwa Wangu

Niliubonyeza kwa kidole gumba, sikatai. Dada yangu alikuwa amejifungua binti asubuhi ile, na chini ya mgongo wa mtoto palikuwa na uvimbe laini, mkubwa kama ndimu. Mimi niliyesomeshwa shule ya Wajerumani kule pwani, kisha nikarudi Dodoma kukalia kigoda cha mama bila kazi, nikatangaza kuwa ni jipu, ngoja nione kama limeiva. Nikabonyeza mgongoni, utosi ukainuka kichwani.

"Umemfanya nini mwanangu?" dada akauliza.

Sikujua. Niliona tu kwamba maji ya mgongoni na ya kichwani ni maji mamoja. Nikakificha kidole gumba ndani ya ngumi.

Tukampeleka bomani, ambako mimi hata jino liliponiuma sikuwahi kwenda, kwa uvivu wa kutoka nyumbani. Daktari wa jeshi la Wajerumani akautazama uvimbe kwa muda mrefu, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha, "Ukipasuka wenyewe, mtoto anakufa. Nikiupasua mimi, labda anaishi."

"Pasua," dada akasema.

Msaidizi wa daktari alikuwa amelala na homa, basi nikaambiwa ninawe mikono.

"Shika nyayo. Zikicheza, sema."

Mtoto akalazwa kifudifudi, akanusishwa dawa ya usingizi kwenye kitambaa. Nilikusudia kufumba macho mpaka mwisho, nikashindwa. Ndani ya ule uvimbe mlikuwa na maji maangavu kama ya chemchemi, na ndani ya maji nyuzi nyeupe, nyembamba kama nywele. Daktari akaugusa mmoja. Kidole cha mguu wa kushoto kikacheza kiganjani mwangu.

"Umecheza," nikasema.

Akagusa mwingine, goti la mguu uleule likajikunja. Mguu mzima wa binadamu, kumbe unategemea kitu ambacho mimi ningekipangusa nikidhani ni utando wa buibui. Akazirudisha nyuzi zote ndani, polepole, akashona juu yake. Mguu wa kulia niliusubiri mpaka mwisho. Haukutikisika.

Kidonda kilipofunga tukarudi nyumbani. Jirani yetu, bibi wa Kigogo, akaja kumwona mtoto, akamfunua, akautekenya mguu huu, kisha ule. Nikaanza kumsimulia habari za nyuzi. Akanikatiza:

"Atachechemea huyu. Mjomba mtu, acha hotuba, mpishe mama yake amnyonyeshe."