Dole Gumba la Bwana Nyama

Nilipomaliza ngumbaru nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, mke mmoja, watoto watatu na cheti kimoja, na katika hivyo vyote wageni walionyeshwa cheti kwanza. Tulisoma jioni katika darasa la watoto, magoti yakigusa masikio kwa udogo wa madawati, na mwalimu wetu alikuwa na umri mdogo kuliko shati langu. Mwaka uliofuata serikali ya kijiji ikanipa kazi: kwa kuwa sasa najua kuandika, nikamsaidie Bwana Nyama.

Huyo hakuwa bwana nyama hasa. Mabwana nyama wenyewe, wenye gari na kofia, walikaa wilayani. Yeye alikuwa askari wa kawaida wa wanyamapori, mzee wa miaka hamsini na kitu, aliyepangiwa vijiji vyetu vya juu ya Karatu, pale mashamba yanapogusana na msitu wa Ngorongoro na mahindi ni yako mpaka tembo aamue vinginevyo. Hakujua hata herufi moja. Kila karatasi aliitia dole gumba, na mimi mhitimu ndiye niliyeletwa kumwandikia. Nilimhurumia. Nilimhurumia siku mbili nzima, mpaka nilipoliona lile dole likifanya kazi yake nyingine.

Bunduki yake ilikuwa ya kijeshi, ya zamani, ya kukoki kwa mkono, nzito kama mlango wa kanisa. Bunduki za aina ile huwa na magazini, kasha la chuma tumboni linalobeba risasi kumi. La kwake lilikuwa limezama mtoni miaka mingi kabla yangu, na kila alipoomba lingine alijibiwa kuwa limeagizwa. Nadhani bado liko njiani. Mzee hakulalamika. Alichonga kipande cha mzeituni wa msituni, kikaziba lile tundu sawasawa, na juu yake akachimba kifereji cha kutosha risasi moja. Humo ndimo alimoilaza. Dole gumba linaisukuma mbele mpaka inazama kwenye chemba, tundu la nyuma ya mtutu, kiganja kinafunga bolti, mlio. Bolti inarudi nyuma, ganda linaruka, na dole limeshafika na risasi nyingine.

Hiyo nyingine inatoka wapi? Hapo ndipo penye utamu. Alizibana kwenye vidole vya mkono wa kushoto, mkono uleule uliobeba bunduki: moja kati ya kidole kidogo na cha pete, moja kati ya cha pete na cha kati, zote zikitazama mbele kama ng'ombe wanaoijua njia ya nyumbani. Jioni alikaa kwenye kigoda mlangoni kwake akifanya mazoezi kwa maganda matupu, macho ameyafumba.

"Macho yana kazi nyingine," aliniambia. "Ukiitazama risasi, mnyama anatazamwa na nani?"

Niliwahi kumpima. Kabla mtu hajapiga chafya ya pili, Mzee alikuwa ameshapakia mara tatu. Mpiga chafya nilikuwa mimi, na nilikuwa na mafua, kwa hiyo kipimo ni cha uhakika.

Jirani yetu mmoja Mmasai, aliyekuwa akinywesha ng'ombe wake kwenye chemchemi yetu, hakuchoka kututania. "Ero, bunduki yenu ina jino moja tu!"

"Na yule fisi wa zizini kwako," Mzee alimjibu, "aliuliza ina meno mangapi?"

Basi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mwezi wa tisa, jua likiwa limekausha kila kitu isipokuwa machozi, nyati akaingia kwenye korongo la chemchemi. Waya wa majangili ulikuwa umemkaza shingoni, nyama imeoza, na kwa maumivu yale alikuwa ameikasirikia dunia nzima. Alikuwa mkubwa kama lori la vitunguu la Mang'ola, tena likiwa na mzigo. Siku ya kwanza alimrusha punda pamoja na madebe yake. Siku ya pili alimkimbiza mama mmoja mpaka mama wa watu akajikuta juu ya mti, na mpaka leo hajui alipandaje. Chemchemi tulikuwa nayo hiyo moja. Siku ya tatu mke wangu alinipimia maji ya kunawa kwa kifuniko cha chupa.

"Kesho naingia," Mzee akasema.

Alikuwa na risasi tatu. Kila mtu kijijini alijua maana yake: nyati aliyejeruhiwa, ndani ya kichaka, haondoki mpaka mmoja wenu awe amelala. Akanikabidhi zile tatu nikae nazo.

"Zifute kwa kitambaa kikavu, Mhitimu. Basi."

Ningezifuta tu, leo nisingekuwa na la kuandika. Nilikaa nazo uani, na bibi yangu alikuwa amekaa pembeni na pembe yake ya mafuta ya mkia wa kondoo. Kwetu kitu hakipelekwi kwenye jambo zito kikiwa kikavu. Bibi harusi hupakwa, mtoto hupakwa, hata mgonjwa anayepelekwa hospitali hupakwa kwanza.

"Hizo zinakwenda wapi?" bibi akauliza.

"Kwa nyati, bibi."

"Zimepauka hivyo? Wewe mwenyewe ukienda mnadani unapaka magoti!"

Nikaona bibi ana hoja. Tena sayansi ilikuwa upande wake, maana ngumbaru tulifundishwa kwamba mafuta huzuia kutu, na miaka ile duka halikuwa na mafuta ya kupikia, sembuse ya bunduki. Nikazipaka. Bibi akazitemea mate ya baraka kidogo. Ziling'aa kiasi kwamba ungeweza kujitazama na kuchana nywele. Nikazitia kwenye mkoba wangu wa turubai, nikalala nikijisifu.

Sasa, asiyelijua vumbi la Karatu la mwezi wa tisa hajajua vumbi. Ni jekundu, laini kama unga uliochekechwa mara mbili, na halisubiri kufunguliwa mlango. Huingia kwenye yai kabla halijapasuliwa. Kesho yake tulitembea humo saa nzima, mkoba ukinipiga kiunoni.

Mzee hakuwa akipakia bunduki njiani, watu wakiwa nyuma yake. Alipakia akishafika. Tulipofika ukingo wa korongo, karibu saa sita mchana, akanyoosha mkono wa kushoto nyuma bila kugeuka. Nikaziweka risasi kiganjani, na hapo ndipo mimi na yeye tulipoziona kwa pamoja. Zilikuwa kama maandazi yaliyogaragazwa kwenye sukari, ila sukari yenyewe nyekundu. Akanusa vidole.

"Kondoo," akanong'ona.

"Bibi," nikanong'ona.

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Kule chini kwenye kichaka kitu kizito kilivuta pumzi.

"Mzee, turudi tukazioshe."

"Kwa maji gani?"

Kweli, maji yalikuwa kwa nyati. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Sikuwa nimeziremba risasi. Nilikuwa nimechukua uhai wa mzee huyu, wenye milango mitatu, nikaubandika matope mlango mmoja mmoja.

Akaifuta ya kwanza kwa pindo la shati, akaipuliza, akailaza kwenye kifereji, akaisukuma. Ikaingia. Alikuwa ameanza kuifuta ya pili wakati kichaka kilipofunguka.

Mzee hakukimbia wala hakupiga kelele. Kelele zote nilizipiga mimi. Alirudisha zile mbili kwenye vidole, akapiga. Nyati akapiga magoti. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, mapema mno, kwa sababu nyati aliinuka akaja.

Bolti nyuma, ganda likaruka, risasi ya pili kwenye kifereji, dole likasukuma. Risasi ikaenda nusu ikagoma. Mchanga. Mimi nilikuwa hatua moja nyuma yake na niliona yote, na ninawaambieni: mtu yeyote hapo angeinamisha macho aone imekwama wapi. Mimi niliinamisha, na bunduki haikuwa hata yangu. Mzee hakuinamisha. Macho yake yalibaki kwenye nyati, na dole gumba likabaki peke yake na shida ile, kama mkunga mwenye uzoefu. Likapapasa, likajua. Ukucha ukaishika risasi kwenye kitako ukaichomoa, vile mama anavyomtoa mtoto funza, ikaanguka chini. Akachukua ya tatu, ya mwisho, akaipitisha mdomoni katikati ya midomo iliyobana, kama anafyonza mfupa, ikatoka upande wa pili safi. Kwenye kifereji. Dole. Kiganja. Mlio.

Nyati aliangukia hatua sita kutoka tuliposimama. Mzee mwenyewe, mpaka alipostaafu, alisema thelathini. Hakuwahi kuwa na kipaji cha kusimulia.

Akatema mate mekundu. "Kondoo wa bibi yako alikuwa mnono," akasema.

Kisha akaketi juu ya jiwe, akatoa kikopo cha ugoro. Dole gumba lile lilitetemeka mpaka ugoro wote ukamwagika kwenye magoti. Nilitaka kutazama pembeni, lakini alishaona kwamba nimeona.

"Liache," akasema. "Limemaliza kazi. Sasa ndiyo wakati wake wa kutetemeka."

Kina mama walikuwa wameshafika na ndoo kabla sijajua miguu yangu iko wapi. Jirani yetu Mmasai akaja na ng'ombe, akamzunguka nyati mara mbili, akaitazama bunduki.

"Ero," akasema, "kweli jino ni moja. Lakini ni gego."

Wilayani walitaka taarifa ya maandishi. Alasiri ile nilikaa mlangoni kwa Mzee na kalamu yangu, nikaandika kila kitu kwa mwandiko wa cheti, halafu nikamsomea. Nilipofika kwenye sentensi isemayo risasi ya pili iligoma kwa sababu msaidizi alizipaka mafuta ya kondoo, niliisoma mpaka nukta yake ya mwisho. Nilijua kwamba karatasi hiyo ikifika, sitabeba risasi tena maishani, na niliona ni haki.

Mzee akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Kata hapo," akasema.

"Ni kweli lakini, Mzee."

"Ni kweli. Lakini inakwenda wilayani, na wilayani hakuna mtu mwenye bibi. Risasi ilikuwa na mchanga au haikuwa nao?"

"Ilikuwa nao."

"Basi andika mchanga."

Nikaandika mchanga. Akalikandamiza dole kwenye kidau cha wino, kisha kwenye karatasi, na wino ukagoma kushika, maana mafuta ya mkia wa kondoo hayatoki kwenye ngozi siku moja. Alitia mara tatu. Ya tatu ndiyo iliyokubali, na hata hiyo ilionekana kama yai la kukaanga. Mistari yangu ilikuwa imenyooka, koma ziko mahali pake, na lile doa chini ndilo lililokuwa limefanya kila kitu kilichoandikwa juu yake. Tangu siku hiyo sijawahi kumcheka mtu anayetia dole.

Miezi michache baadaye zikaja risasi nyingine nne kutoka wilayani, na habari ya tembo kwenye mahindi. Mzee akaja mwenyewe nyumbani kwangu. Nilidhani anazipeleka kwa mtu mwingine na amepita kunisalimia. Akazimwaga mkononi mwangu.

"Zifute," akasema. "Kavu."

Nikazifuta palepale mbele yake, kwa kitambaa cha nepi ya mwanangu iliyokuwa imeanikwa, mpaka nadhani nilizipunguza unene. Bibi akatoka ndani na pembe yake. Akazitazama risasi, akanitazama mimi, akafungua kizibo.

Bibi yako humkatazi baraka mbele ya mgeni. Mzee akavua kofia, akapiga goti moja chini mbele yake, akainamisha kichwa.

"Nipake hapa, mama," akamwambia. "Kichwa hakiingii kwenye chemba."