Rula na Samaki wa Wodini

Shangazi yangu ni mwandishi wa mabango. Ukiona duka lenye herufi zilizonyooka kama askari kwenye gwaride, uliza, utaambiwa ni kazi ya Rula. Jina hilo walimbandika mafundi wenzake, kwa sababu hagusi ukuta kabla hajaupima, akaupiga mstari kwa uzi wa chaki, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, kisha akaupima upya.

Nyumbani alikuwa vilevile. Mapazia ya sebuleni aliyachagua kwa miezi miwili. Mwenye duka la vitambaa akimwona anaingia, alikuwa anavuta kiti na kukaa. Alipoposwa, aliomba muda wa kufikiri, akafikiri mpaka mwenzake akaoa kwingine na kupata mapacha. Hilo analisimulia mwenyewe akicheka, ila kicheko chenyewe huwa kifupi.

Alipokuwa na miaka hamsini na mbili, hospitali ilimpa kazi ya kuandika WODI YA WATOTO kwenye ukuta mweupe, ndani ya wodi yenyewe. Akiwa juu ya ngazi, amefika herufi ya tatu, brashi ikamteleza. Tone nene la buluu likatambaa ukutani hadi usawa wa vitanda.

Akashuka haraka na kitambaa. Kwenye kitanda cha karibu alilala binti wa miaka sita hivi, mguu umefungwa plasta. Manesi walisema hajazungumza na mtu tangu aletwe.

"Usimfute," binti akasema. "Ni samaki. Hana mkia tu."

Shangazi akasimama na kitambaa mkononi. Ukuta haukuwa wake. Angemwuliza matroni, matroni angemwuliza daktari mkuu, na jibu lingekuja wiki ijayo. Akakitazama kile kitambaa, akakitia mfukoni, akachovya brashi na kumchora mkia. Hivi hivi, bila chaki.

"Na macho," binti akasema.

Akamtia macho. Kitanda cha pili kikataka twiga. Cha dirishani kikataka lori la ndizi. Twiga alitoka shingo imepinda, watoto wakasema anachungulia nje, basi akaachwa achungulie.

Matroni akaingia, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nani amekuruhusu, mama?"

"Hakuna," shangazi akajibu. "Nimeamua tu. Ukitaka, kesho nitapaka nyeupe juu yake, kwa rangi yangu mwenyewe."

Matroni akamtazama binti wa plasta, aliyekuwa amejiinua kwa viwiko akimpa jirani yake habari za samaki. 

"Na ukuta wa pili?" akasema. "Utauacha mtupu?"

Shangazi alimaliza kuta zote nne kwa siku tatu. Mabango bado anayapima, hiyo ni kazi. Lakini juzi alinipigia simu asubuhi: yuko stesheni, amekata tiketi, anakwenda kuona maporomoko ya maji, na nikitaka kuandamana naye nina nusu saa. Nilikwenda na viatu vya ndani.

Wiki iliyopita nilikwenda wodini kumjulia hali mtoto wa jirani. Mama mmoja, akimbembeleza mwanawe mbele ya yule twiga, akauliza kazi hii kafanya nani.

"Shangazi yangu," nikasema, na sikupunguza sauti. "Dada wa baba, tumbo moja."