Kivuli cha Nyumba ya Babu

Majuzi mjukuu wangu Riziki alikuwa akipaka geti rangi nyeusi. Ile harufu ya mafuta ikanipanda kichwani, nikamfokea aifunike. Maskini, hasira haikuwa yake. Ilikuwa ya Diani, miaka ya hamsini, nami bado ninayo.

Palikuwa na mzungu mwanamke akichora pwani yetu. Jina lake nalikumbuka vizuri, ila simtaji. Hakuchora kwa kalamu, wanangu. Alikwaruza kibamba cha shaba kwa sindano, akakitia katika dawa kali iliyoila ile mikwaruzo. Kisha shangazi yangu Mwanaidi, niliyekuwa nikimfuata kazini, alikipaka wino mzito, wenye harufu ile ile ya mafuta, akakifuta kwa kitambaa, wino ukabaki ndani ya mistari tu. Kikigandamizwa na karatasi kwenye mashine, Diani hiyo ikatokea: minazi, mchanga, na nyumba ya babu Mwinyihaji na paa lake la makuti.

Siku moja mumewe akasema picha ile wataonyeshwa wanunuzi wa viwanja vya ufukweni. Basi yule mama akatwaa chuma laini, akaisugua nyumba ya babu kwenye shaba mpaka mistari yake ikafa.

"Memsabu, hapo pana watu," shangazi akasema.

"Pakiwa peupe panapendeza. Paka wino, Mwanaidi."

Akapaka. Akafuta bahari, akafuta mchanga, taratibu kama anayemwogesha mgonjwa. Karatasi ilipobanduliwa, mistari ya nyumba haikuwapo kweli, lakini pale pale palikuwa na giza zito, mfano wa moshi.

"Hapa hukufuta! Mkono wako mzito leo."

"Mzito, memsabu. Umebeba nyumba."

Akaamriwa arudie. Giza likarudi vile vile. Adhuhuri haijaadhiniwa, kazi hana.

Njiani nilimpa pole, nikidhani kachoka. Alicheka mpaka buibui likamteleza. "Nimechoka nini, we Mwanakombo?"

Wanunuzi walikuja wakaonyeshwa picha nyingine, safi, iliyofutwa na mtu mwingine. Wakasema ufukwe ni mtupu. Babu alihamishwa pamoja na vyungu vyake, na paa likateketezwa mchana kweupe, sisi tunatazama.

Nilishakuwa na watoto wangu nilipoelewa. Sindano ilikuwa yao, na shaba, na mashine. Shangazi alikuwa na kitambaa tu, akakataa kukipitisha juu yetu.