Uso Ulionywea Tanurini

Siku yangu ya kwanza kazini nilichekwa na mpishi kabla sijavuka mlango. Nilifika nyumbani kwa Memsaab, upande wa juu wa Nakuru unaoelekea mlima Menengai, nikiwa nimevaa rinda langu la kanisani. Shangazi yangu, niliyekuwa nikiishi kwake kwenye landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, alikuwa ameniambia kwamba nimepata kazi ya kulea mtoto. Mpishi, Mluhya mnene aliyeitwa Barasa, akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Mtoto gani? Huyu mama hana mtoto. Wewe umeitwa kukanyaga matope."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hata wajukuu wangu wanajua. Nilikuwa nimeshageuka kurudi zangu Memsaab alipotoka nje, mikono imepakaa udongo hadi viwikoni. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazungu wa mashamba.

"Mimi nataka mutu ya udongo," akasema. "Mikono yako iko nguvu?"

Nikamwonyesha mikono. Nilikuwa nimechuma pareto tangu utotoni huko Kuresoi, kwenye shamba la mzungu tulikozaliwa mimi na ndugu yangu, kwa hiyo hakuuliza tena. Siku hiyohiyo nilivua rinda, nikafunga gunia kiunoni, nikaanza kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Memsaab alitengeneza sanamu ndogo hapo barazani kwake: korongo, farasi, vichwa vya watu vya kutoshea kiganjani. Udongo wa Nakuru wenyewe ni majivu ya mlima wa volkeno, haushikani, kwa hiyo tuliletewa udongo wa mfinyanzi kwa magunia kutoka mtoni upande wa Njoro. Niliuanika, nikautwanga, nikauloweka, nikauchuja kwa pazia kuukuu, kisha nikaukanda. Kukanda ndiko kulikonitoa jasho. Ukikata bonge kwa waya hutakiwi kuona tundu hata moja, maana hewa ikiingia na udongo kwenye tanuri, sanamu inalipuka kama bisi.

Vile vichwa vidogo tulivichoma hivyohivyo, lakini sanamu nyingine ikikamilika hatukuichoma hiyo yenyewe. Tuliimwagia plasta, ule unga mweupe ambao hospitalini wanafungia mifupa iliyovunjika. Plasta ikishika, tunachokoa udongo wote kutoka ndani, na umbo linabaki limejichapa kwenye plasta. Hiyo ndiyo kalibu. Sanamu ya kwanza imekufa hapo, imerudi kuwa matope ndooni. Kisha tunamimina ndani ya kalibu udongo mwepesi tuliouita uji. Plasta inafyonza maji, ngozi ya udongo inaganda pembeni, na uji uliobaki katikati tunaumwaga. Ngozi ile ndiyo inayotolewa, inakaushwa na kuchomwa.

Tena udongo hunywea. Ukikauka unanywea, na ukichomwa unanywea tena. Memsaab aliniambia jambo hilo karibu kila asubuhi: "Kila kitu fanya kubwa kidogo. Moto nakula."

Shida yetu kubwa ilikuwa uji. Ukiwa mzito haumiminiki, na ukiuongeza maji, sanamu inapasuka ikikauka. Korongo, ambao ni shingo tupu, walikatika wote. Barasa akatubatiza jina la wachinjaji. Akipita na sinia la chai anauliza, "Leo mmechinja wangapi?" Nilitamani kumpiga na bonge la udongo.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetuponya, bila kutaka. Siku moja aliacha sufuria kwenye ngazi za baraza, nami nikadhani ni maji tu. Nikayatia kidogo kwenye uji wangu. Uji uliokuwa mzito ukalegea papo hapo, ukatiririka kama maziwa. Nilikuwa bado nimeushangaa niliposikia Barasa anapiga kelele nyuma yangu.

"Magadi yangu! Wewe mama, mboga sasa nitalainisha na nini?"

Memsaab naye akaja mbio. "Nani naweka nini hapa?"

Tuliumimina hivyohivyo, kwa kuwa hatukuwa na uji mwingine. Korongo aliyetoka alikauka na shingo yake nzima. Memsaab alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo magadi yakahama jikoni kuja barazani. Yanatiwa kidogo tu, kwa ncha ya kijiko. Ukizidisha, uji unaganda kama ugali.

Ndipo ndugu yangu mdogo, Samweli, akafa. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao upande wa Elburgon, gogo likamviringikia. Tulimzika Kuresoi kwenye mvua na baridi, na mimi nikarudi kazini kwa kuwa sikujua pengine pa kwenda.

Mama yetu alikuwa kipofu. Ugonjwa wa macho ulimpata sisi tukiwa bado wadogo, na tangu hapo alitujua kwa mikono. Ukifika nyumbani, kabla hujapewa chai, unainama akupapase uso. Nilipoenda kumwona baada ya matanga, alinipapasa kisha akanishika mashavu asiniachilie.

"Tabitha, vidole vyangu vimeanza kumsahau. Jana nilimtafuta, nikapata paji la uso tu. Mengine yamekwenda."

Picha ingemfaa nini kipofu? Nilirudi Nakuru nikamweleza Memsaab. Akanyoosha kidole kwenye bonge la udongo nililokuwa nimelikanda mwenyewe.

"Chukua. Lakini fanya kubwa kidogo."

Nikaufanya uso wa Samweli, uso peke yake, toka kwenye nywele hadi kidevuni, ukubwa wa mtu na nyongeza ya moto juu yake. Lakini nitajuaje kama ni yeye? Mimi nilimkumbuka kwa macho, na Mama alikuwa akimtafuta kwa vidole. Mtu wa kuniambia alikuwa Mama mwenyewe, na ilibidi aniambie udongo ungali mbichi. Siku hizo za wakoloni hukupanda treni hivihivi tu, bila barua ya kibali. Memsaab akatuombea ruhusa, nikaenda kumchukua Mama, tukapandia stesheni ya Molo.

Nilimketisha barazani, nikaondoa gunia lililoloweshwa, nikaiweka mikono yake juu ya udongo. Alipapasa. Akapapasa tena.

"Huyu ni nani?"

"Ni Samweli, Mama."

"Samweli? Huyu ni jitu! Mtoto wangu hakuwa na kichwa kama mtungi."

Nikamweleza kwamba nimemwongeza makusudi, kwa kuwa moto utampunguza.

"Huo moto wako ulimjua Samweli?" akaniuliza, na akaanza kubonyeza.

Alisukuma mashavu ndani, akafinya pua, akakata kidevu na kutupa udongo sakafuni, akachora kovu la Samweli kidevuni kwa ukucha. Nikasema, "Mama, ngoja kwanza," nikataka kuushika mkono wake, lakini Memsaab akanishika mimi.

"Wacha yeye," akanong'ona.

Mama alipoondoa mikono, alikuwa Samweli kabisa, na mdomo wake ule wa kutaka kucheka. Nililia pale barazani kama mtoto. Barasa aliyekuja na chai aliweka sinia chini, akavua kofia.

Sasa uso ulikuwa saizi ya Samweli hasa, bila nyongeza yoyote. Ningeuongeza vipi bila kufuta vidole vya Mama? Nilimrudisha Kuresoi, kisha nikachanganya plasta kwa uangalifu, maana plasta ikikataa kushika, umbo lote limepotea na mwenye kulitengeneza yuko mbali. Ilishika. Nilipochokoa udongo kutoka kwenye kalibu, nikimwona ndugu yangu akiingia ndooni vipandevipande, niliumia kuliko siku ya mazishi. Nikamimina uji wenye magadi, nikangoja, nikakausha kivulini, nikachoma.

Tanuri lilipofunguliwa, uso haukuwa na ufa hata mmoja. "Asante Mungu!" nikapiga kelele. Kisha nikaushika. Ulikuwa umenywea. Tena uji ulikuwa umelainisha mifupa ya mashavu na kovu la kidevuni. Nilikuwa nimeshika uso wa mtoto.

Nilikwenda nao Kuresoi nimeufunga kwenye sweta, njia nzima nikitafuta maneno. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akaupapasa polepole, akarudia, akarudia tena.

"Mama, najua amekuwa mdogo," nikasema. "Lakini kalibu bado ninayo. Nitatafuta njia ya..."

"Nyamaza, Tabitha."

Kidole chake kilikuwa shavuni.

"Hivi ndivyo alivyokuwa nilipomwona mara ya mwisho kwa macho. Alikuwa anarudi kuchunga ndama wa mzungu, amelowa chapachapa, anacheka."

"Basi nitakutengenezea na yule mkubwa pia."

"Yule mkubwa tumeshamzika," akasema Mama. "Niachie huyu."

Memsaab aliporudi kwao nilikwenda kufundisha ufinyanzi kwenye shule moja ya misheni karibu na Njoro. Mkuu wa masomo ya ufundi hapo alikuwa mtu wa rula, kila mwanafunzi apime kwanza, na sikubishana naye kwa kuwa alisema kweli. Sasa nimestaafu. Bado namimina korongo mmojammoja hapa nyumbani, na vijana huja kuniuliza habari za magadi na kalibu. Nawajibu yote. Nawaambia waongeze ukubwa kwa ajili ya moto, na anayesahau namgombeza mpaka ajute kuja. Lakini nawaambia pia: siku mama wa mtu atakapoweka mikono kwenye udongo wako na kuanza kupunguza, usimfundishe kazi. Toka hapo, mwache apunguze mpaka amwone mtoto wake.