Barua Isiyosalimia

Siku zile nilikuwa nafungua simu tunayotumia mimi na mama kabla hata ya kunawa uso. Hospitali moja ya Kampala ilikata kipande cha uvimbe kwenye titi la mama, ikatuambia majibu yatakuja kwa barua pepe. Lini, hakuna aliyesema. Mtandao wa Bunia, mji wetu huku Kongo, ukikatika, nazunguka uani na simu mkononi. Ukirudi, nakuta barua zimejaa, ya hospitali haimo. Nilikuwa mkali kwa kila mtu, hata kwa kuku.

Anwani ilikuwa ya mama, na aliiharibu mwenyewe. Kwetu mtu akikusalimia unamjibu. Kunyamaza ni kumtukana. Sasa mjane wa jenerali fulani, mgonjwa kitandani, anamwandikia kwa Kiingereza, nami namtafsiria, "Mpendwa wangu katika Bwana, familia haijambo?" na anataka kumwachia urithi. Mama anachambua samaki wakavu wa Tchomia, kule ziwani, wa kupeleka sokoni, huku ananituma nimjibu. Nikikataa, anamwomba jirani.

"Huyu mama iko mugonjwa, anauliza habari yetu. Weye unataka ninyamaze?"

Kila jibu liliita barua nyingine, maana wale watu walishajua kwamba huku kuna mtu anayesoma. Zikaja bahati nasibu tusizocheza, kazi za Kanada, dawa za kupunguza tumbo, na sala ya kutumiwa watu kumi la sivyo balaa. Benki ambako hatuna akaunti ilitishia kutufungia akaunti.

Siku moja uvumilivu uliniisha, nikamkalisha nimfundishe. Barua taka ni ile usiyoiomba, nilimwambia, iliyotumwa kwa maelfu na mtu asiyekujua. Nyingine ni matangazo tu, zinachosha. Nyingine zinavaa sura ya benki ili zipate neno lako la siri. Nyingine zinakupa mapenzi kwanza, halafu zinakuomba ada ya mwanasheria. Nikamwonyesha pa kubonyeza ili kuzitupa.

"Lakini hawa njo wanasalimiaka," alisema, akarudi kwa samaki wake.

Wiki hiyohiyo alimpa mdogo wake kitenge chake kizuri kuliko vyote, kile cha harusi na Pasaka. Alisema kinambana. Hakikuwa kinambana. Sikumuuliza, kwa sababu niliogopa kuuliza.

Asubuhi moja nikaamua kupekua humo zinamotupwa barua taka, maana simu nayo hukosea. Kati ya dawa za tumbo na bahati nasibu nikaona nembo ya hospitali. Barua ilikuwa ya wiki iliyopita, na ile ya majibu iliyoambatishwa haikuwa imefunguliwa. Nikatoka uani nikipiga kelele.

Mama hakuinua kichwa.

"Niliiona. Niliitupa miye. Wale wezi wote wanaandikaka 'Dear'. Ile haikuwa na 'Dear', ilianza tu vile. Habari ya muzuri inaanzaka na 'jambo', mutoto yangu. Nikajua njo kifo."

Kiingereza hakijui. Neno hilo moja alifundishwa na wezi.

Nikabonyeza. Mtandao ukazunguka, ukakwama, ukazunguka tena, nami nikautukana kwa sauti mbele ya mama yangu. Hatimaye karatasi ikafunguka. Uvimbe haukuwa saratani. Arudi tu baadaye waangalie tena.

Nilimsomea, nikamtafsiria, nikamsomea upya kwa hasira. Wiki nzima alibeba kifo chake peke yake, pale pale mbele yangu, akichambua samaki.

Aliweka kiganja kifuani.

"Habari ya muzuri hivi," alisema polepole, "na hawakusalimia?"

Ndipo akalia, na mimi nikalia naye, na harufu ya samaki mikononi mwetu. Alipomaliza alijifuta pua kwa ncha ya kitenge cha kazi, akakitazama, kimechakaa.

"Sasa," akaniuliza, "nani ataenda kwa mama yako mudogo kuniombea kile kingine?"