Vidole Kumi kwa Maboga

Asubuhi hii nimemwaga maji ya sabuni kwenye udongo mkavu nyuma ya jikoni, na harufu yake imenirudisha kwenye bustani ya shangazi.

Kilikuwa kiangazi. Kwa majirani kila kitu kilikuwa kimekauka, lakini bustani yetu ilikuwa kijani, kwa sababu watoto wote tuliogeshwa tukiwa tumesimama katikati ya mboga. Nilipenda ubaridi wa tope miguuni, na majani ya maboga yakinikwaruza magoti.

Siku moja niliona boga changa, nikalinyooshea kidole kwa furaha. Kwetu boga changa huonyeshwa kwa ngumi. Ukilinyooshea kidole, linaoza. Na lile likaoza kweli.

“Nilikuambia nini?” shangazi akafoka. “Usikanyage tena bustani yangu! Utaogea kule karibu na choo.”

Kesho yake, alipovuka mpaka kupeleka mboga sokoni Busia, niliingia bustanini, nikayanyooshea maboga yote vidole vyangu kumi, moja baada ya jingine. “Wewe, oza! Na wewe pia, oza!”

Yakanenepa yote.

Siku ya kuvuna nilimwambia nilichofanya. Alinikazia macho, nami sikuyashusha yangu, ingawa mgongo ulikuwa tayari unangoja fimbo. Kisha akanipa kisu, akakunjua ngumi yake polepole, akanyoosha kidole kimoja kuelekea boga kubwa kuliko yote.

“Haya,” akasema. “Kata lile.”